Magurudumu ya Mume Wangu

Fremu ya baiskeli ilikaa chumbani kwetu, imeegemezwa ukutani upande wa kichwani, tangu mtoto wangu wa kwanza hajazaliwa mpaka akawa anakaa mwenyewe. Nilifagia nikiizunguka. Nilitandika kitanda nikiizunguka. Wageni walipokuja kumwona mzazi, mume wangu aliwaonyesha fremu kwanza, halafu mtoto. Mtoto alikuwa na miguu yote miwili, fremu haina hata gurudumu moja, na bado iliyosifiwa zaidi ni fremu.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya, nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana namsengenya marehemu. Alikuwa fundi cherehani barazani kwa Mhindi, hapo hapo Dodoma, miaka michache baada ya Wadachi kufikisha reli. Watu wake walikuwa wa misafara ya zamani, Waislamu wa mjini, waliokuja na mizigo kutoka pwani wakachoka njiani wakajenga. Mimi ni Mgogo wa kusini, njia ya Mtera. Siku hizo hakukuwa na bwawa huko, ulikuwapo mto na wafugaji na vumbi. Aliponioa, wajomba zangu waliulizana kwa sauti, naye anasikia, mtu asiyekuwa na shamba wala zizi atamlisha nini binti yetu, uzi? Neno hilo lilimkaa rohoni. Aliapa siku moja atafika kwetu akiwa amepanda kitu ambacho wajomba zangu wote na ng'ombe wao wote hawana.

Fremu aliipata kwa Mdachi mpima ardhi aliyekuwa anarudi kwao. Mdachi huyo alikuwa ameiacha baiskeli yake nje ya hema, fisi wakala tandiko, wakatafuna na matairi, wakabakiza chuma. Magurudumu yenyewe yakabaki yamepinda kama mtu aliyeumwa tumbo. Mume wangu alikuwa amemshonea chandarua, basi akapewa mabaki hayo kuwa bakshishi. Aliyabeba kichwani kuyaleta nyumbani, anatabasamu njia nzima. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi ya mwisho, nikadhani ameleta kitanda cha mtoto.

Baada ya mavuno kaka yangu akaja mjini na mbuzi wa kuuza, akaleta maneno ya mama. Macho ya mama yalikuwa yanaumwa tangu mimi ni msichana. Ni ugonjwa wa kwetu ule, wa vumbi na nzi: kope zinageuka zikaelekea ndani, zinakwaruza jicho kila mtu akipepesa, mpaka jicho linaingia ukungu. Jioni kwa jioni kaka yangu alikuwa akimng'oa kope kwa kibano cha chuma. Sasa jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia limebaki kama kijidirisha.

"Mama anasema umlete mtoto," kaka yangu aliniambia. "Anasema upesi. Hakusema zaidi."

Mama yangu hakuwa mtu wa kusema upesi. Hata nyumba yetu ilipoungua alituambia tutoke, akaongeza tusisahau kigoda. Nikajua. Nikamwambia mume wangu siku ile ile, "Kesho nafunga mtoto mgongoni naondoka na kaka yangu."

Akakataa. Na sababu yake, nitamtendea haki, haikuwa ya kipuuzi. Ilikuwa ni majira ya kukamata wapagazi. Askari wa boma na watu wa majumbe walikaa njiani, kila mwanamume mwenye mabega waliyemwona anatembea mikono mitupu walimtwisha mzigo wa serikali, na mtu aliweza kutoka kwenda kumsalimu mkwewe akajikuta Kondoa. Kwa hiyo yeye kwa miguu hatoki. Na mimi peke yangu na kaka yangu porini, mtoto wake mgongoni, simba wako, kaka yangu akikamatwa itakuwaje? Lakini mtu wa baiskeli, alisema, hakamatwi. Nani atamkamata mtu aliyepanda baiskeli? Wote watadhani ni mtu wa serikali.

"Basi tengeneza baiskeli," nikasema.

Laiti ningejua ninafungua nini.

Akiba yetu ilitosha kitu kimoja. Mhindi wetu alikuwa ameletewa kwa gari la moshi magurudumu mawili mapya, mepesi, spoku zinang'aa, matairi ya kujazwa upepo. Hayo yalikuwa chaguo la kwanza. Chaguo la pili: kuyanyoosha yale magurudumu mazee ya Mdachi, kuyavika mpira mzito usiokuwa na upepo ndani, kisha akiba itakayobaki inunue vile vitu vingine, yaani mnyororo mpya, tandiko la ngozi, na juu ya yote kikombe cha katikati ya gurudumu la nyuma ambacho ndani yake mna breki. Ukirudisha pedali nyuma kwa mguu, baiskeli inasimama. Magurudumu mazuri na vingine vibovu, au magurudumu mabovu na vingine vizuri. Mtu mwenye akili na mama anayepofuka angechagua kati ya adhuhuri na alasiri.

Ila nyumbani kwetu alikuwapo shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, na yeye alikuwa mtu wa breki kwenye gari la moshi. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye behewa la nyuma, na dereva akipiga filimbi azungushe gurudumu la chuma mpaka gari lipunguze mwendo. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu reli inajengwa, na mawazo yake yote yalikuwa breki.

"Kuondoka anaweza mtu yeyote," alikuwa akisema, anakunywa uji wangu. "Hata jiwe linaondoka ukilisukuma. Kusimama ndiko kazi."

Mume wangu naye alishinda kutwa nzima mguu uko kwenye cherehani, gurudumu linazunguka mbele ya macho yake. "Kaka, gurudumu likizunguka sawa, mengine yanafuata yenyewe. Gurudumu likiyumba, hata sindano ya dhahabu itakatika."

"Unashona mteremko wewe?"

"Na wewe unasimamisha kitu kisichoweza kutembea?"

Wanaume wawili wazima. Asubuhi uji unapoa, wanabishana. Mchana mume wangu anarudi kula, shemeji yupo kama gari halijaondoka, wanabishana. Walichora baiskeli mavumbini mbele ya mlango wangu, kuku wakaikanyaga, wakachora nyingine. Mume wangu akishawishika na breki, shemeji anaanza kuona haya kwamba ameshinda, anasema, "Ingawa magurudumu ya Mhindi ni mazuri, mimi siyakatai." Hapo mume wangu anarudia magurudumu. Ikawa kama kusukuma mlango ambao kuna mtu upande wa pili anausukuma pia, na mimi nimesimama kizingitini na mtoto mgongoni.

Nikimwambia harakisha, ananijibu haraka haraka haina baraka. Nikamwambia na ngojangoja huumiza matumbo. Akacheka, akasema mke wangu umezaliwa kwa wafugaji lakini ulimi wako wa pwani. Nilitaka kumrushia mwiko.

Kaka yangu alirudi kwetu bila mimi. Akaja tena mwezi mwingine, na ngozi za kuuza. Jicho? Nikamuuliza. Akasema mama sasa anamjua mtu kwa umbo, sura anaipata akisogelewa karibu sana, na juani tu. Kisha akaniuliza, kwa adabu, shemeji yake bado anatengeneza?

Siku hiyo nilitoka uani nikawakuta ndugu wawili wamechuchumaa juu ya mchoro wao. Nikawauliza swali moja ambalo lilikuwa likinikaba tangu mwanzo.

"Mimi nitakaa wapi?"

Wakainua vichwa.

"Kuna gurudumu, kuna breki, kuna mnyororo, kuna tandiko la mwanamume. Mimi na mtoto tunakaa wapi? Tunaning'inia kwenye kengele?"

Haki ya Mungu, hawakuwa wamewaza. Miezi yote ile, safari ni yangu, mama ni wangu, na katika baiskeli yao hapakuwa na mahali pangu. Shemeji alijikuna kidevu, akasema, "Shemeji ana hoja." Halafu, badala ya kuona haya, macho yao yakang'aa, wakaanza kubishana upya: keria ya mbao au ya chuma?

Nikalia. Nililia kwa hasira, mbele yao, mtoto naye akalia kwa kunisikia, na nikasema kila kitu kwa Kigogo, ambacho shemeji alikielewa nusu na mume wangu robo. Lakini neno jicho walilielewa. Mume wangu akasimama, akafuta mchoro kwa mguu, akaenda dukani. Alirudi jua linatua amekumbatia magurudumu mapya, moja huku na moja huku. Wazee wa mjini husema mchagua nazi hupata koroma. Dodoma hatuna nazi, koroma tulilijua baadaye.

Nitayasifu magurudumu yale, maana yalikuwa mazuri kweli. Ukiligusa moja kwa kidole linazunguka, unakwenda kuteka maji unarudi bado linazunguka. Mnyororo ukawa ule ule wa zamani, uliochemshwa kwenye mafuta. Tandiko mume wangu alilishona mwenyewe kwa gunia, akajaza pamba za magodoro. Keria ilikuwa ubao wa sanduku la sabuni, umefungwa kwa kamba za ngozi. Breki ikawa ile kuukuu ya Mdachi: kijiko cha chuma kilichoning'inia juu ya tairi la mbele. Ukibana mkononi, kijiko kinashuka kinakandamiza mpira, na kwa msuguano huo baiskeli inapunguza mwendo. Shemeji aliikagua akatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyeoneshwa kaburi. Lakini alikubali kwamba, mpira ukiwa mkavu, itashika.

Mpira ukiwa mkavu. Alisema hivyo, akaenda zamu yake, gari likaondoka naye kuelekea Morogoro.

Kaka yangu akaja kutuchukua. Kwetu kitu kipya hakiendi safari yake ya kwanza kikavu kikavu. Bibi harusi anapakwa samli kabla hajatoka kwao. Kigoda kipya kinapakwa, ndama, ngoma, mkuki, mtoto. Kikavu ni kitu kisichopendwa na mtu. Na mama alikuwa ametuma kibuyu cha samli aliyoisukasuka mwenyewe, kwa kupapasa, kaka yangu alisema, kwa ajili ya hicho kitu cha chuma kitakachomletea mwanawe. Alfajiri ya kuondoka kaka yangu akaanza na usukani, akashuka kwenye fremu, ananena maneno ya kheri. Halafu akafika kwenye magurudumu. Akasema magurudumu ndiyo miguu, na miguu ndiyo inayosafiri. Akayapaka matairi kwa kiganja, taratibu, pande zote, kama anamwogesha mtoto mchanga.

Nilimwona mume wangu akifungua mdomo. Nilimwona akiufunga. Mkono wa shemeji yake, samli ya mkwewe, baraka za watu waliomuuliza uzi: angesema nini? Ukikataa mafuta kwetu umekataa undugu. Akasema, "Ahsante sana, shemeji." Alivyogeuka kuniangalia nikadhani amejawa na furaha. Mimi nilijawa. Nilidhani wanaume hawa hatimaye wamefanya jambo la maana.

Tuliondoka watu wakishangilia. Mtoto mgongoni, mimi kwenye ubao wa sabuni nimekaa upande, mume wangu anakanyaga, kaka yangu kwa miguu. Ile njia ya kusini ina mchanga. Kwenye mchanga magurudumu mepesi yalizama, mimi nashuka, mume wangu anasukuma, kaka yangu anatungoja mbele kivulini, anachokonoa meno. Kwenye ardhi ngumu tulimpita, tukimpungia mkono. Mchanga ukaja tena, tukamkuta ametungoja. Nilimwuliza mume wangu kama hii ndiyo kasi niliyoisubiri tangu mtoto hajakaza shingo. Akasema ni mchanga, magurudumu hayana kosa.

Kisha ikaja ile miteremko ya mawe. Nakumbuka upepo usoni, na kusema kweli nilifurahi, nikacheka kwa sauti. Magurudumu yaliimba. Mume wangu akapaza sauti, "Unaona? Unaona magurudumu?" Njia ikakata kona chini, pana mti wa mgunga umekaa njiani kabisa. Nikamwona anabana breki. Kijiko kikashuka juu ya tairi, na juu ya tairi kikateleza kwenye samli ya mama yangu kama ulimi kwenye asali.

Akabana tena. Kisha akasema, "Bismillahi."

Mtu anayesema Bismillahi mwanzoni mwa safari ni mcha Mungu. Anayeisema katikati ya mteremko amekwisha kata tamaa. Niliruka. Nilitua kwa miguu, nikapiga hatua za kuanguka, nikakaa kwenye majani makavu na mtoto mgongoni hata usingizi haujamtoka. Mume wangu na magurudumu yake waliendelea mpaka ndani ya mgunga.

Tulimtoa yeye mwiba kwa mwiba. Matairi yote mawili yalikuwa yamekwisha pumua. Alikuwa na viraka na gundi aliyopewa na Mhindi, nitampa sifa hiyo pia, akakaa chini, akavua tairi, akautoa mpira wa ndani. Mikono yake ina samli. Tairi lina samli. Mpira wa ndani alipoushika ukaingia samli. Gundi ikakataa. Anabandika kiraka, anapuliza, anasubiri, kiraka kinateleza polepole mpaka pembeni kama mgeni anayetafuta mlango. Alijifuta kwa mchanga, kwa majani, kwa kanzu. Kaka yangu, asiyeelewa, akamwonea huruma, akamwuliza kama kilichobaki kibuyuni kingesaidia.

Hapo nikasema yote. Nilisema mama yangu yuko kule anangojea kwa jicho la kijidirisha, na mimi nimekaa chini ya mgunga natazama wanaume wawili wakipaka mafuta. Nilisema mtu angetembea kwa miguu siku ile ya kwanza sasa angekuwa amekwenda na kurudi, amekwenda na kurudi, mpaka amechoka kuonwa. Damu ilikuwa inamtoka mume wangu sikioni, mahali palipopita mwiba. Alinitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka wakuone umefika kwa heshima."

Neno hilo lilinichoma, na kwa kuwa lilinichoma nilizidi kukasirika. Nikafunga mtoto vizuri, nikaanza kutembea. Nyuma yangu nikasikia wanafungua gurudumu la mbele. Mume wangu akatwaa baiskeli begani, kaka yangu akalitundika gurudumu begani, wakanifuata.

Siku ya pili tukakutana nao, watu wa jumbe na askari mmoja wa boma, wamekaa kivulini pamoja na vijana waliokwisha kukamatwa. Kaka yangu mabega mapana, mume wangu kijana, na hakuna aliyepanda chochote. Askari akanyanyuka, akawatazama wawili wale, wanatoka jasho, wamejaa vumbi lililoganda kwenye samli, chuma begani.

"Mzigo wa nani huo?"

"Wa Mdachi," akasema mume wangu. Na ilikuwa kweli, ulikuwa wa Mdachi.

"Sasa mnasimama nini? Kazeni mwendo!"

Wakakaza mwendo. Mpagazi hakamatwi mara mbili. Tulipopita bonde mume wangu akasema, anahema, kwamba aliniambia tangu mwanzo baiskeli itatuokoa na wakamataji. Kaka yangu alicheka mpaka gurudumu likamponyoka begani.

Tulifika kwetu alasiri, jua likiwa bado kali. Watu wakatoka kwenye matembe, zile nyumba zetu za paa la udongo. "Mbukwa! Mbukwa!" wakatusalimu kwa Kigogo. Watoto wakamzunguka mume wangu, na mjomba mmoja, yule yule wa uzi, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi zizini kama huko mjini baiskeli ndiyo inayompanda mtu. Kwetu mkwe wa kiume haendi mbele ya mama mkwe, hata macho yao hayakutani. Kwa hiyo mume wangu aliwekwa na wanaume penye zizi, akapewa kigoda na togwa, nami nikaenda peke yangu.

Mama alikuwa amekaa mlangoni mwa tembe, miguu ameinyoosha, uso ameuelekeza juani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo mama, nimemleta," nikamfungua mtoto mgongoni. Nikamweka mapajani mwake, nikamgeuza uso wake kuelekea kwenye mwanga. Nilikuwa nimeyapanga haya njia nzima. Nikamshika kidevu mtoto ili asitikisike, nikasema, "Mwangalie, mama. Mwangalie sasa hivi, jua lipo."

Mama akamnusa mtoto utosini. Akampapasa masikio, vidole, magoti. Akacheka kidogo. Kisha akaniondoa mkono wangu kidevuni mwa mtoto.

"Huyu nimeshamshika," akasema. "Inama wewe."

"Mama, mjukuu wako—"

"Huyu sura yake haijawa. Leo hivi, mwezi ujao vingine. Nikiiweka ya leo itanidanganya. Nitamjua kwa mikono, nitamjua kwa sauti, tutakwenda naye hivyo hivyo. Nilisema umlete mtoto kwa sababu ningesema uje wewe usingekuja, ungesema mume, ungesema nyumba. Inama. Jicho hili linachoka upesi."

Nikainama. Alinishika mashavu kwa mikono miwili akanisogeza mpaka pumzi yake ilikuwa midomoni mwangu, akanigeuza huku na huku juani, kama mtu anayechagua kibuyu sokoni. Lile jicho lilikuwa jekundu, lina utando kama ukoko wa uji, linatoa machozi, na katikati yake kulikuwa na kidoa cheusi kinachotafuta. Kikanipata. Nilihisi kimenipata.

"Una hasira," mama akasema.

"Mama, hujui nilivyosumbuliwa. Miezi, mama! Magurudumu, breki, magurudumu—"

"Utanieleza. Masikio yangu ni mazima, utanieleza mpaka uchoke." Akanipitisha kidole gumba hapa, kati ya nyusi, akabonyeza, kama anavyolainisha udongo wa chungu. "Kunjua uso, mwanangu. Huu ndio nitakaokaa nao."

Kule zizini sauti ya mume wangu ilikuwa imeanza kupanda, anawaeleza wajomba zangu kwamba gurudumu lenyewe halikuwa na kosa, kosa lilikuwa breki. Nikaukunjua uso wangu, nikaushika hivyo, na sikuthubutu kupepesa.